Kampuni ya Kiti Kimoja

Harlan Tidmore alisoma mita za maji mjini Pruitt Springs, Texas, kwa miaka ishirini na sita, na katika muda wote huo hakung'atwa na mbwa wala kujuana na wakili. Jumamosi, wenzake wakienda kuvua samaki, yeye alikaa jikoni akiandika programu. Aliiita Kengele. Moto ukizuka, Kengele hupiga simu za wazimamoto wote wa kujitolea kwa mpigo, hata zilizozimwa sauti, na anayeitika jina lake linawekewa alama. Harlan aliiweka mtandaoni iwe programu huria: atakaye aichukue bure, aifungue, aitengeneze. Miji midogo mia mbili iliitumia. Malipo yake yalikuwa mtungi mmoja wa asali kutoka Nebraska.

Basi ikaja barua. Kampuni moja, Quillmark, ilisema serikali imeipa hataza, yaani haki ya kumiliki peke yake "njia ya kuwajulisha watu wengi kwa pamoja na kujua nani amejibu." Ebo! Kwa mtindo huo hata jogoo ana kesi ya kujibu. Harlan aizime Kengele, au wakutane mahakamani.

Anwani ya kampuni ilikuwa ghorofani, juu ya duka la donati la Sokhom Prak, pale pale Harlan alipokunywa kahawa kila asubuhi. Akapanda ngazi. Mlango ulikuwa na vibao vya kampuni kumi na moja. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, na dada yake Ouida na kitambaa cha vumbi.

"We Ouida! Unafanya nini humu?"

"Kazi, Harlan. Nafungua pazia, nawasha taa, namwagilia ua."

"Si la plastiki hilo?"

"Kwani mimi kipofu? Wanataka ionekane kuna watu, wapate kushtaki kwenye mahakama ya hapo ng'ambo."

"Hao ndio wanaonishtaki!"

"Acha uongo. Humu hamna hata choo."

Sasa watu wa programu huria wana desturi yao: kila jambo hujadiliwa hadharani, kwenye baraza lao la mtandaoni. Na Harlan, shemasi wa Kibaptisti asiyejua kudanganya hata umri wake, akaandika humo: "Ndugu zangu, nimeisoma hataza yote. Ni kweli, Kengele inafanya vivyo hivyo. Mnanishauri nini?"

Lo! Mtu mzima kajitia kitanzi mwenyewe, na ncha ya kamba kawashikisha. Quillmark, ambao hakuna binadamu aliyewahi kuwaona, waliisoma siku hiyo hiyo.

"Mzee, nani kakutuma uisome?" wakili aliyemwomba msaada alimfokea kwenye simu. "Ukivunja hataza huijui, unalipa. Ukiwa unaijua, fidia inaweza kufika mara tatu!"

"Sasa nitamjibuje mtu bila kusoma alichoandika?"

"Waandika programu wenzako wote hawazisomi hataza."

"Lakini akina mama wa kanisa letu walikuwa wakipigiana simu hivyo hivyo tangu mwaka sabini na moja! Karatasi ya majina Ouida anayo mpaka leo, kaibandika kwenye friji."

"Nakuamini, na jambo la zamani halipewi hataza. Lakini kulithibitisha hilo mahakamani kutakula nyumba yako na gari lako, na bado."

Harlan akatia sahihi mapatano na Quillmark, akaiondoa Kengele. Miji mingine ikaingiwa hofu, nayo ikaizima. Uchungu wake aliumeza na kahawa ya Prak.

Jumapili moja, saa tano na nusu asubuhi, waya mbovu ukashika moto ghorofani, kwenye taa ambayo Ouida alilipwa kuiwasha. Prak akampigia Ouida. Ouida akabandua karatasi yake, akaanza kupigia jina moja baada ya jingine, akiwasaka wazimamoto. Wote wako ibadani: Wamethodisti wamezima sauti za simu. Wabaptisti wako ubeti wa sita wa wimbo. Gari la maji lilifika baada ya dakika arobaini.

Quillmark walipoteza kiti na ua. Prak alipoteza majiko, kaunta na kazi ya miaka ishirini na miwili. Alisimama barabarani, aproni bado ina unga.

"Bwana Harlan, ile Kengele ingelia?"

"Ingelia."

"Hata kanisani?"

Harlan alishindwa kumtazama. "Hata kanisani."

Wiki iliyofuata Quillmark wakapigilia kibao kipya ng'ambo ya uwanja wa mahakama, na ufunguo ukamfikia Ouida kwa posta. Aliurudisha bila hata barua.

Harlan naye akaketi jikoni, akairudisha Kengele mtandaoni, bure kama zamani. Barazani akaandika: "Hataza nimeisoma mara ya pili, neno kwa neno. Kengele hii hapa. Mnaotaka kunishtaki, nakaa mtaa wa Pecan, nyumba namba 14. Bisheni hodi, kuna mtu."