Maji Yanayotupwa na Chujio la Samaki

Ulikuwa ule mwaka mayai yalipokuwa ghali kama nyama, tukala ugali kwa lengalenga, mchicha wa kwetu, asubuhi na jioni. Mwanangu akapata kazi ya ghala Louisville, akahama na mke na watoto. Mimi akaniachia nyumba ya hapa Buffalo, Marekani, na samaki wa wajukuu ndani ya tangi la kioo.

Samaki hao wanatumia maji safi zaidi kuliko mimi! Chini ya sinki kuna chujio lao. Likichuja ndoo moja, linamwaga nyingine kwenye bomba la maji machafu. Mimi niliyelea watoto kwenye kambi ya wakimbizi, ambako maji ya kuoshea mchele yalisugua sufuria kisha yakanywesha nyanya, niyatazame yakienda bure? Nilichomoa mpira wa kutolea maji hayo, nikauingiza kwenye ndoo. Nayapigia deki, namwagilia lengalenga nyuma ya nyumba. Mtaa mzima hakuna mwenye majani kama yangu. Shida ni kula. Mkono umezoea kupikia watu wengi, na mezani nipo peke yangu.

Jumapili mwanangu akapiga simu ya video, akaniona na ndoo mkononi.

“Mama, hamia huku. Samaki wagawe.”

“Nifanye nini huko?”

“Upumzike tu. Ndoo za nini tena?”

Mjukuu akapita nyuma yake, akanipungia mkono, hakusimama. Nikajiona kwenye kochi lao, kama begi lililosahauliwa na mgeni.

“Siji kukaa bure, mwanangu.”

“Lakini Mama, huko huna mtu!”

“Siji kukaa bure, mwanangu.”