Kichaka cha Mama Mkwe

Mwaka wa hamsini na nane, kati ya Kileleshwa na Kangemi, hakukuwa na mtu mwenye kazi ya ajabu kama Were. Alilipwa asilime. Naam, asilime! Mzungu mwenye shamba alikuwa amechoshwa na kahawa isiyokwisha magonjwa, akaing'oa yote, akasema ardhi iachwe irudi msitu kama alivyoikuta ujanani. Huenda hata kijito kilichokauka kingerudi. Kazi ya Were ikawa kuzuia mbuzi, moto na panga.

"Ukifyeka hata kijiti, unaenda kwenu," bwana alimwambia.

Miaka minne ikapita. Zikaota nyasi, vikafuata vichaka, kisha miti michanga ambayo mbegu zake zililetwa na ndege. Watu wa Kangemi wakipita walimtania: "Were, shamba limekushinda?" Alicheka nao, lakini moyoni ilimuuma. Kwao Bungoma, mwanamume alipimwa kwa jembe lake.

Ndipo mkewe, Nanjala, akajifungua mtoto wa kwanza, na ikaja habari kwamba mama yake, Nanyama, yuko njiani kuja kumwona mjukuu. Were alikosa raha kabisa. Mama mkwe apite kwenye pori lile hadi mlangoni, si atasema binti yake ameolewa na mvivu?

"Mweleze ni kazi," Nanjala alisema.

"Nimweleze vipi, na hata uso wake siruhusiwi kuuona?"

Maana kwa desturi yao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja hujificha.

Siku ya mgeni ilipofika, shemeji yake Lazarus, aliyekaa Ngara, alikwenda kumpokea stesheni. Were alijua watakunywa chai huko Ngara mpaka jioni. Akachukua panga. Liwalo na liwe. Heri afukuzwe kazi kuliko kudharauliwa na wakwe. Angefyeka kando ya njia tu, pawe na sura ya shamba la mtu.

Hata hajakata tawi la kwanza, akamsikia Lazarus akikohoa kwenye kona. Kumbe bibi amekataa chai, anataka mjukuu.

Loo! Were aligeuka upesi, akajifunika uso kwa kofia. Nyuma yake matawi yalivunjika: mama wa watu alikuwa ametumbukia kichakani, yeye na kikapu na kuku wake. Kuku akalia.

"Mwanangu," sauti ikatoka ndani ya majani, "hilo panga ni la nini?"

"Mama, nilitaka kufyeka," Were alijibu, aibu imemjaa, "usije ukaniona mvivu."

"Ufyeke?" Nanyama akaangua kicheko. "Sasa ungefyeka, mimi ningejificha wapi?"

Lazarus alicheka mpaka akaketi chini. Were naye akacheka, panga likamponyoka, na uchungu wote wa miaka minne ukamtoka.

Bibi alikaa mwezi mzima. Were akirudi kutoka kazini alikohoa kwa mbali, na mama mkwe akaingia kichakani kutafuta uyoga. Walisalimiana kupitia majani, wakaulizana habari za mtoto, wakapendana sana.

Aliporudi Bungoma, wanawake wenzake walimwuliza mkwe wake ni mtu wa namna gani.

"Ana heshima yule, jamani!" akasema. "Wa kwenu wanajificha nyuma ya mlango. Wangu ameniotesha msitu mzima."

Habari hizo zilimfikia Were. Hakuwa amepanda hata mti mmoja, lakini hakukanusha.