Swali Ambalo Hakuulizwa

Jumatano, tarehe 17 Julai 2019, katika kikao cha watafiti chipukizi cha kongamano la kimataifa la saikolojia, mhadhiri mmoja alijibu swali ambalo hakuulizwa. Rekodi ya kikao ipo, na sauti yake inasikika vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote chumbani.

Wenzake idarani humwita Mwavuli. Jina hilo alilipata kwa haki. Alipokuwa mwanafunzi wa uzamili alisimama mbele ya wageni, profesa mmoja akamuuliza kama utafiti wake aliufanya akiwa macho, ukumbi ukaangua kicheko, na msimamizi wake akainamia viatu vyake. Siku ile aliimalizia chooni, bomba likiwa wazi ili asisikike akilia. Akala kiapo kwamba mwanafunzi wake hatalowa namna ile. Alipopata kazi ya kufundisha akakitimiza: aliwatafutia wanafunzi nauli, akawasomea mihtasari yao neno kwa neno, akawaazima koti lake jeusi, kisha akaketi safu ya mbele akiwatikisia kichwa.

"Hawa ni watafiti au vifaranga?" mhadhiri wa meza ya jirani alimtania.

"Mwewe wakiisha nitawafungulia banda."

Binti aliyempeleka mwaka ule alipewa jina la Taratibu, maana hata ukimuuliza kama amekula, atafikiri kwanza. Alikuwa amechunguza jinsi wauguzi wanavyokadiria maumivu ya wagonjwa wasioweza kusema, akaona kwamba wauguzi wa usiku huyapa maumivu hayo alama za chini kuliko wenzao wa mchana. Sababu, alisema, ni uchovu. Profesa mmoja mgeni, mwenye maabara ya mambo hayohayo, alikuwa na nafasi moja ya uzamivu yenye ufadhili, na alishaandika kwamba atakuja kumsikiliza. Nafasi hiyo ndiyo waliyoifuata.

Asubuhi ile, kwenye korido nyuma ya ukumbi, Mwavuli alikuwa akimtoa Taratibu nyuzi za koti begani.

"Mwalimu, nimeongeza slaidi moja mwishoni, ya maswali. Naomba uitupie jicho."

"Slaidi za akiba ni kama viatu vya akiba safarini, mwanangu. Tunabeba tu, hatuvai. Kunywa maji tuingie."

Taratibu aliwasilisha vizuri. Profesa akainuka, akapewa kipaza sauti.

"Umejuaje kwamba ni uchovu, si mazoea? Mtu aliyekesha na wagonjwa miaka mingi huenda amezoea tu vilio vyao."

Taratibu akanyamaza, akatazama dari. Kwa aliyemjua, hiyo ilikuwa dalili kwamba jibu linapangwa. Na Mwavuli alimjua. Lakini ukimya ule aliusikia kwa masikio ya siku ile aliyochekwa, na kabla hajajitambua alikuwa amesimama.

"Kama msimamizi wake, niseme tu kwamba hilo ni pengo tunalolitambua. Utafiti bado mchanga. Tutalifanyia kazi."

Akatia na mzaha kuhusu wauguzi na kahawa, watu wakacheka kwa wema. Mwenyekiti akatazama saa na kumwita anayefuata. Taratibu alikuwa bado ameshika kidude cha kubadilishia slaidi.

Nje, kwenye meza ya chai, Mwavuli alimpa kikombe.

"Umefanya vizuri sana. Yule mzee ana meno, lakini tumempita."

"Nilikuwa na jibu, Mwalimu."

"Jibu gani?"

"Niliwapima wauguzi wapya pia, wale ambao ndio kwanza wanaanza kazi. Hao hawajazoea chochote. Matokeo yakawa yaleyale. Ndiyo ile slaidi ya mwisho."

Upande wa pili wa meza profesa alikuwa akizungumza na kijana mwingine, kichwa kimeinama kwa kumsikiliza. Kijana huyo ndiye aliyepata nafasi.

Nyumbani Mwavuli alimsimulia mumewe, dereva mstaafu, ambaye kwa kawaida hukosa subira na habari za chuo. Safari hii alizima redio.

"Yaani umekaa kiti cha abiria ukanyoosha mkono kushika usukani," alisema. "Na mwenzio anakata kona vizuri tu."

"Nilidhani anazama."

"Najua. Ndiyo maana sikucheki."

Mwavuli akamwandikia profesa barua pepe ndefu, akakiri yote, akaambatisha na slaidi. Jibu lilikuwa la adabu: kazi ni nzuri, laiti angeiona ukumbini, nafasi imeshajazwa. Barua hiyo akampelekea Taratibu, akiamini itamfariji.

Taratibu alikuja ofisini na koti jeusi limefuliwa na kukunjwa. Alikaa, akatazama dari, na Mwavuli akangoja.

"Umenisemea tena, Mwalimu."

Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo, ingekuwa nafuu.

"Nilitaka kurekebisha, mwanangu."

"Najua. Mimi pia nilikuwa namwandikia profesa. Hukuniuliza."

Alimaliza uzamili wake kwa alama za juu, akashukuru kila mtu, na hakuomba uzamivu popote. Siku hizi anafanya kazi katika kampuni ya kuchunguza masoko, akiwauliza wanunuzi wanaionaje harufu ya sabuni mpya. Husema mshahara si haba. Wakikutana mjini wanasalimiana vizuri, wanaulizana afya, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mwavuli haoni kwamba kosa lake lilikuwa kusimama ukumbini. Hilo, anasema, lingeweza kumpata yeyote mwenye woga. Kinachomkereketa ni korido: binti aliomba kutazamwa kazi yake, naye akawa anatazama nyuzi za koti.

Kongamano linafunguliwa tena Jumatatu ijayo. Mwavuli anampeleka mwanafunzi mmoja. Taratibu atakuwa kazini.