Pango Tupu la Chawia

Leo nimejua kwamba mababu zangu walichomwa moto na shangazi yangu mwenyewe.

Ndio, mmesoma vizuri.

Nimekuwa nikisoma kitabu cha historia ya Wataita. Kumbe zamani mafuvu ya wazee wetu yalifukuliwa na kuwekwa pangoni, na ukoo ulikuwa ukienda kuomba hapo.

Basi asubuhi nikatoka Voi hadi Chawia kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, anionyeshe pango letu.

Akanipeleka. Pango tupu! Kuta nyeusi kwa moshi.

“Shangazi, mafuvu yako wapi?”

“Tuliyachoma na wenzangu wa maombi. Yalikuwa na mapepo.”

“Si yalikuwa ya babu zako?”

“Ndio. Kiberiti niliwasha mimi.”

Alisema kwa fahari kabisa, jamani, kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Tukarudi nyumbani, akapakua kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe.

“Tuombee chakula, mwanangu. Umshukuru Mungu kwa ukoo wetu.”

Nikafumba macho. Sikupata neno hata moja.

Mwishowe shangazi akasema amina peke yake, akaanza kula.

Nyinyi mngeomba nini hapo?