Chumba cha Visogo

Wateja walimwita Wembe, jina alilolipata enzi ambazo mkono wake haukutetemeka. Miaka thelathini alisimama nyuma ya kiti kilekile, mbele ya kioo chenye ufa pembeni, akinyoa mahakimu na wabeba mizigo bila kubagua. Sura za watu zilimpotea upesi, lakini visogo alivijua vyote. Kovu la utotoni, mkunjo wa shingo, nywele zinazozunguka upande usio wake: angekutambua sokoni kabla hujageuka.

Pombe nayo ilimtambua. Asubuhi kidogo ya kutuliza mkono, mchana kidogo ya kuisindikiza ile ya asubuhi, na ya jioni haikuhitaji sababu. Siku aliyomkata mjukuu wake sikio, alikuwa amekunywa ile ya kutuliza mkono tu. Mtoto alishonwa nyuzi nne. Binti yake, mama wa mtoto, hakupiga kelele, na hapo ndipo Wembe alipoogopa.

"Baba, mtoto humwoni mpaka utafute kikundi cha watu wanaoacha pombe, ukae humo. Sijasema kwenda. Nimesema kukaa."

Basi akaanza kutafuta. Kikundi cha kwanza kilikutana kwenye ghala la zamani la magodoro, ng'ambo ya mji. Huko, mwenye siku mbili bila tone alipigiwa makofi, mwenye tatu akapigiwa zaidi, na mwenyekiti wao, mama mmoja mpishi wa hospitali, alimkumbatia kila anayeingia bila kumuuliza jina. Wembe akasema yeye si mtoto wa chekechea. Cha pili kilikuwa jirani na baa aliyoizoea. Miguu ikapitiliza yenyewe. Katika cha tatu alimkuta mteja wake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Miezi miwili ikaisha hajakaa popote, na mjukuu akatimiza miaka minne bila babu.

Ndipo fundi viatu wa jirani, aliyeacha chupa kitambo, akamwonea huruma.

"Nenda pale shuleni, Jumamosi saa kumi. Ukimaliza ngazi, chumba cha mkono wa kulia. Wale hawapigi makofi, wanasikiliza tu. Patakufaa, mzee mwenzangu."

Akaenda. Alipochungulia chumba cha mkono wa kulia, watu wanane walikuwa wamekaa duara, na nyuso nane zikainuka kumtazama. Wembe hakuwa mtu wa nyuso. Akarudi nyuma akageukia mlango wa kushoto, na humo watu walikuwa wameupa mlango visogo. Akajiambia walevi ni wengi, bila shaka wamegawanywa vyumba viwili. Akajipenyeza, akakaa nyuma kabisa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakimgusa kidevu.

Mwanamume mmoja alikuwa akieleza jinsi anavyomfungia kaka yake ndani kila mwisho wa mwezi. Mama mwingine akaeleza kuhusu mumewe. Wembe akashtuka. Hawa hawakuwa walevi. Hawa walikuwa ndugu wa walevi.

Alikuwa anajiinua aondoke alipokiona kisogo cha safu ya tatu. Nywele fupi, zikizunguka mara mbili. Alikinyoa tangu mwenyewe yuko shule ya msingi. Sasa mstari wa shingoni ulikuwa umepindishwa na kinyozi mwingine, na hilo pekee lilimuuma kabla hajasikia neno.

"Watu wanasema nilikuwa nampenda sana baba," binti yake alikuwa akisema, "kwa sababu akirudi nilikuwa nakimbia kumkumbatia. Nilikuwa nanusa. Toka nina miaka saba. Nikishajua amekunywa kiasi gani, namwambia mama tulale au tutoke. Hapa ndipo mahali pekee baba yangu hajafika. Kwingine kote ameshapita."

Wembe alihisi aibu ambayo hakuna chupa iliyowahi kumpa. Kumbatio lile mlangoni ndilo alilojivunia maisha yake yote. Hata akiwa amelewa chakari alijiambia, walau mtoto ananipenda. Akakinyanyua kile kiti ili kisikwaruze sakafu, akatoka kwa ncha za vidole. Hakuna aliyegeuka.

Mlango wa kulia bado ulikuwa wazi, na kiti kimoja kilikuwa kitupu. Walikuwa kimya, kama alivyotaka. Lakini angeingia pale, kila Jumamosi yeye na binti yake wangepanda ngazi moja, na kikohozi chake kingepenya ukuta. Akashuka. Siku hiyo alikunywa, na kesho yake pia.

Jumamosi iliyofuata alivuka mji mzima kwa miguu mpaka ghala la magodoro. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni.

"Umerudi, baba?"

"Nimerudi."

"Siku ngapi?"

Angeweza kudanganya. "Tano."

Makofi yakalia ndani, makubwa, ya kijinga kama mwanzo. Mpishi akafungua mikono. Sasa Wembe alijua kumbatio lile linatafuta nini. Akamsogelea, akaweka kidevu begani kwake, akapumua kwa nguvu, akangoja.