Sitaki, Sungura wa Nyamugo

Maman Adolphine alikuwa na miaka sitini na moja siku Bijou alipomwekea sungura mdogo juu ya meza ya kushonea, katikati ya vipande vya uniforme za shule.

Bijou alikuwa mama kutoka kijiji cha Mudaka aliyeleta kabeji kwenye soko la Nyawera kila Jumanne, na kibanda cha Adolphine ndipo alipopumzisha mgongo kabla ya kuingia sokoni. Asubuhi ile alifungua kikwembe chake cha kitenge akatoa kitu kisichozidi yai la bata. Mbwa alikuwa ameingia bandani kwake na kumuua sungura jike. Watoto wote walikufa kwa baridi isipokuwa huyu, ambaye macho yake yalikuwa yamefunguka juzi tu.

"Jaribu kuilisha," Bijou alisema. "Ikikomaa utaikula Noeli. Ikikufa, haiko kosa yako."

Adolphine alimweka kwenye kiganja. Moyo wa yule mnyama ulipiga mbio hata akausikia vidoleni.

"Haitakufa," alisema. "Na sitaikula."

Hakujua lolote kuhusu sungura. Alichojua maishani ni kushona na kukataa. Bijou alimfundisha palepale: maziwa ya mbuzi ya vuguvugu, tone kwa tone kwa bomba la sindano lisilo na sindano, asubuhi na jioni. Asimlaze chali kama mtoto wa mtu, maana maziwa yataingia mapafuni. Akishiba, ampanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya moto kidogo mpaka akojoe, kama mama yake alivyokuwa akimlamba. Na uzi usikaribie kiota chake hata kidogo, kwa sababu uzi ukizunguka mguu unaukata. Jumanne iliyofuata Bijou alimletea mfuko wa manyoya ambayo yule jike aliyekufa alikuwa ameyang'oa kifuani kwake mwenyewe kutandikia watoto. Adolphine aliyaweka ndani ya karito, boksi la karatasi ngumu, juu ya majani makavu, na sungura akajichimbia humo akalala.

Basi kila asubuhi alishuka kutoka nyumbani kwake Nyamugo na karito ndani ya kikapu, na kila jioni akapanda nayo. Wabeba mizigo na watu wa moto, wale wa pikipiki, pale Nyawera waliliona hilo haraka.

"Maman, ile lapin tutaikula siku gani?"

"Sitaki."

"Nusu tu, maman. Na mboga ya sombe."

"Sitaki."

Walimuuliza mara nyingi mno hata jibu likawa jina. Sungura akaitwa Sitaki.

Jirani yake, Papa Gracien, sentineli aliyelinda ofisi moja karibu na ziwa, hakufanya mzaha. Alisimama mlangoni mwa Adolphine akiwa na koti lake la kazi, akatazama lile bomba la maziwa.

"Batoto ya hapa banalala njaa," alisema, "na weye unanyonyesha lapin. Haikupi haya?"

Adolphine hakuinua kichwa mpaka tone la mwisho liishe. "Batoto ba Chancelle, jirani yetu, banakulaka kwangu kila siku, tangu baba yao alienda," alijibu. "Weye, Papa Gracien, unalishaka nani?"

Gracien alifunga vifungo vya koti, akasema kazi inamngoja.

Sitaki alipofikisha wiki sita, masikio yamerefuka na ameanza kula majani, Adolphine mwenyewe alimkosea. Kwa mapenzi alimpa majani ya kabeji yaliyolowa mvua, mengi. Kesho yake tumbo lilikuwa limejaa kama mpira. Mnyama alijikunyata pembeni akisaga meno, hali chakula wala hatoi mavi. Adolphine alifunga kibanda akampeleka kwa daktari wa mifugo, kijana aliyezoea kutibu ng'ombe. Daktari alimbonyeza tumbo akacheka kidogo.

"Maman, lapin ni nyama. Pika leo, kesho itakuwa maiti."

"Sikukuuliza kama iko nyama. Nimekuuliza nifanye nini."

Yule kijana alimtazama, akaacha kucheka. Alimwambia amnyime kila kitu kibichi, ampe majani makavu tu na maji ya vuguvugu, amsugue tumbo polepole kwa mkono wenye joto, amtembeze asikae kama jiwe. Adolphine alifanya hivyo siku mbili mfululizo. Wateja walimfuata nyumbani kudai uniforme akawaonyesha mlango. Siku ya tatu asubuhi alikuta kwenye sakafu vidonge vya mavi, vikavu, vya mviringo. Alipiga magoti akaviangalia, akasema, "Asante Mungu," kisha akafagia.

Mwezi uliofuata alikuja Pascal kutoka kijijini Luhwindja.

Pascal alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Miaka ishirini na tatu nyuma, shimo la dhahabu lilipomwangukia mume wa Adolphine, Pascal alikaa matanga mpaka mwisho, kisha akagawa: kitanda kwa huyu, mbuzi kwa yule, shamba kwake. Akasema pia kwamba mjane atakuwa mke wake, ndivyo familia inavyofanya. Adolphine hakubishana. Alibeba mashini ya kushona aliyoachiwa na mama yake, akaifunga mgongoni kwa kikwembe mahali pa mtoto, akamshika binti yake Nyota mkono, wakaondoka kwa miguu. Tangu hapo walionana misibani tu.

Sasa Pascal alikuwa mzee, na alikuja na heshima zote. Binti yake Ornella anaolewa. Alitaka Adolphine amshonee robe, gauni la arusi. Adolphine alikubali bila masharti, maana Ornella hakuwa amemkosea kitu. Akaingia kupakua bugali, samaki wadogo wa sambaza na mboga ya lenga-lenga. Aliporudi, Pascal alikuwa ananyoosha kidole kwenye karito.

"Mama Nyota, mimi na umri huu unanipa sambaza? Chinja ile."

"Ile haichinjwe, Papa Pascal. Chakula ni hii."

"Mugeni ni nani hapa?"

"Ni weye. Kula."

Pascal aliinuka, akaingiza mkono, akamnyanyua Sitaki kwa masikio. Sungura, ambaye hakuwahi kutoa sauti, alilia, sauti kali kama ya mtoto. Adolphine aliweka sahani chini akamshika mzee kifundo cha mkono, akakaza.

"Weka mukono moja chini ya kifua," alisema taratibu. "Ingine chini ya matako. Haikamatwake na masikio, inaumia. Ama nipe."

"Uko unanikataza? Mimi mukubwa wa familia?"

"Ndiyo. Nakukataza."

Walisimama hivyo, watu wawili wenye mvi, mpaka vidole vya Pascal vikalegea na Adolphine akampokea Sitaki. Aliondoka bila kula. Jioni alipiga simu: robe haitakiwi tena, na Adolphine asikanyage kwenye ndoa. "Nimesikia," Adolphine alisema, akakata.

Siku mbili baadaye alipiga Ornella mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Mama mudogo, robe yangu je?"

"Nitashona. Na nitaileta mimi mwenyewe."

Aliishona wiki tatu. Ijumaa ya safari alimwita Papa Gracien, akampa gunia la majani makavu na kumwonyesha namna ya kumbeba sungura. Gracien alijaribu mara mbili kwa mikono yake mikubwa.

"Na mutu akikuja kuichinja?"

"Weye si sentineli?"

Kesho yake, kule Luhwindja, Pascal alikuwa amesimama langoni, amevaa kositimu, wageni wamejaa ua.

"Nilikukataza," alisema.

"Ulinikataza. Niko naingia."

Robe nyeupe ilikuwa imelala juu ya mikono yake miwili, na watu walianza kutazama. Pascal alisogea kando. Adolphine alimvalisha Ornella, akamnyooshea kola, akaenda kuketi kwenye safu ya kina mama wa bibi arusi. Alikula vizuri, akacheza mpaka viatu vikambana. Yeye na Pascal hawakusemezana siku ile, na mpaka leo hawajasemezana.

Alirudi Nyamugo Jumapili baada ya misa. Gracien alikuwa ameketi kizingitini, na kando yake Sitaki amejinyoosha juu ya koti la kazi, mkono mmoja wa koti umetafunwa mpaka kiwikoni.

"Leta nishone," Adolphine alisema.

"Apana, acha kwanza," Gracien alijibu kwa sauti ndogo. "Ukitoa koti, itaamuka."