Tableti Iliyoinamisha Kanisa Zima

Nacheka, lakini aibu bado ninayo. Dukani Masasi mke wangu, Mama Neema, alinisihi, "Chukua laptop ndogo, inatulia mezani." Mimi, karani wa kanisa letu Kitangari, nikachukua tableti ili niringe nayo.

Jumapili nikasimama kusoma matangazo kwenye tableti hiyo. Nikaiinamisha kidogo tu, skrini ikajigeuza yenyewe, maandishi yakalala ubavu. Nikapinda shingo niyafuate, yakageuka tena. Nikapinda upande wa pili. Nilipoinua macho, waumini wote walikuwa wameinamisha vichwa, wakidhani tunasali.

Bibi mmoja wa benchi la mbele akalalamika, "Baba Neema, sema amina basi, shingo zinatuuma!"

Mama Neema akamjibu kwa sauti, "Hasali huyo, Bibi. Anatafuta maandishi."